Mac au Windows? Hesabu ya Mcheza Gemu wa Sherikat

Mtu anayetaka kompyuta mpakato ya kuchezea gemu akiuliza anunue Mac au Windows, jibu la kawaida ni la neno moja: Windows. Jibu hilo ni la kweli, ila limetoka kwa watu ambao umeme wao haukatiki na ambao fundi mwenye kibali cha kampuni yuko mtaa wa pili. Sherikat, upande wa mashariki wa Nile, kandokando ya barabara inayotoka Nimule kuingia Juba, mambo hayako hivyo. Hapa kila saa ya mchezo ina gharama yake ya betri, sola au petroli. Joto la Machi huitesa mashine kuliko gemu yenyewe, na kitu kikiharibika spea husafirishwa kutoka Kampala, Nairobi au Dubai.

Kwa hiyo swali moja linagawanyika mawili. La kwanza ni gemu unazozitaka zinaendeshwa na mfumo upi. Hapo Windows inashinda bila ubishi. La pili ni mashine ipi inaweza kuishi katika nyumba ya Sherikat. Hapo Mac ina hoja nzito ambayo wapenzi wa Windows hawapendi kuisikia. Ukiyajibu yote mawili kwa pamoja, unajikuta mbali na Mac, na mbali pia na ile laptopu nene yenye taa nyekundu inayopambwa dirishani.

Gemu ziko upande gani

Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta duniani, hutoa kila mwezi takwimu za mashine za wateja wake. Kwa miaka ya karibuni Windows imekuwa na takriban asilimia 95 na Mac karibu asilimia 2. Hapo ndipo penye chanzo cha mengine yote: mtengenezaji wa gemu mwenye fedha za kulipia toleo moja tu atalitengeneza kwa ajili ya wale 95.

Apple nayo ilichangia kujitenga. Mwaka 2018 ilitangaza kuachana na OpenGL, teknolojia ya michoro iliyotumiwa na gemu nyingi za Mac, ili watu wahamie Metal, ambayo ni yake peke yake. Mwaka 2019 mfumo wa Catalina ukakata programu zote za biti 32, na gemu nyingi za zamani zilizokuwa zikichezeka kwenye Mac zikafa siku hiyo. Novemba 2020 zikaja prosesa za M1, zilizobuniwa na Apple yenyewe. Ni prosesa nzuri mno, lakini zilifuta Boot Camp, njia iliyomwezesha mwenye Mac ya Intel kuweka Windows halisi ndani ya mashine yake.

Madhara yake yanaonekana kwenye majina ambayo vijana wanayataja. EA Sports FC, iliyorithi FIFA mwaka 2023, haina toleo la Mac. eFootball ya kompyuta haina, GTA V haina, Call of Duty ya sasa haina, wala Valorant. Rocket League iliondolewa kwenye Mac mwaka 2020. Mwaka huohuo Fortnite ilisimama huko baada ya Epic na Apple kugombana. Counter-Strike 2 ilipotoka 2023, Valve haikuleta toleo la Mac ingawa mchezo uliotangulia ulikuwa nalo. Mchezaji ambaye jioni yake ni mpira na bunduki za mtandaoni, kwake Mac ni mlango uliofungwa.

Hata hivyo si kweli tena kwamba Mac haina gemu. Resident Evil Village ilifika 2022, No Man's Sky na Baldur's Gate 3 zikafuata 2023, na mwaka 2025 zikaja Assassin's Creed Shadows na Cyberpunk 2077. Dota 2, League of Legends, World of Warcraft, Minecraft, Football Manager na Civilization zimekuwapo siku nyingi. Mtu anayependa kuongoza timu kwenye Football Manager au kujenga dola kwenye Civilization anaweza kuishi na Mac miaka mingi asikose kitu.

Kuna pia njia za kuzunguka. CrossOver, programu ya kulipia, huiwezesha Mac kuendesha gemu nyingi za Windows kwa kutafsiri maagizo yake, na mwaka 2023 Apple ilitoa zana zake za kazi hiyo kwa watengenezaji. Njia hizi zinafaa kwa gemu za kucheza peke yako. Gemu za mashindano huzikataa, kwa sababu programu zao za kuzuia udanganyifu zinadai kuingia ndani kabisa ya kiini cha Windows, na kwenye Mac hakuna kiini hicho. Isitoshe, njia zenyewe zinasimama juu ya Rosetta 2, daraja linaloendesha programu za Intel kwenye prosesa za Apple. Juni 2025 Apple ilitangaza kwamba daraja hilo kwa ukamilifu wake litaishia macOS 27. Baada ya hapo itabaki sehemu ndogo tu kwa ajili ya baadhi ya gemu za zamani. Anayenunua Mac kwa kutegemea njia ya kuzunguka anajenga juu ya kiwanja cha kupanga.

Jambo jingine halimo kwenye majedwali ya ulinganisho: gemu husambaa vipi mtaani. Gemu kubwa ya leo ina gigabaiti 100 au zaidi. Kwa mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde, usiokatika hata dakika, kuipakua kunachukua kama saa 22. Ndiyo maana mafaili hutembea kwenye diski za nje, kutoka kwa aliyenunua bando kwenda kwa rafiki mwenye akaunti ya gemu ileile. Steam yenyewe inaruhusu hilo: unaweza kuhifadhi gemu kwenye diski ya nje na kuirudisha kwenye mashine nyingine, na tangu 2023 kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani zinaweza kupeana mafaili bila kutumia intaneti. Lakini mafaili ya Windows hayaifai Mac. Mwenye Mac kati ya marafiki wenye Windows atapakua kila kitu peke yake, kwa bando lake. (Gemu zilizovunjwa ufunguo zinazouzwa kwenye flashi ni habari nyingine. Huja na virusi mara nyingi, na anayezitumia analipa siku mafaili yake ya kazi yanapopotea.)

Umeme ndio mwamuzi

Novemba 2019 Juba ilifunguliwa kituo cha umeme cha megawati 33 kilichojengwa na kampuni ya Ezra, na kampuni ya usambazaji ya JEDCO ikaanza kuupeleka mjini kwenye nyaya mpya zilizogharimiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Yalikuwa mabadiliko makubwa kwa mji uliozoea ngurumo za jenereta. Bado Sudan Kusini ni miongoni mwa nchi zenye watu wachache zaidi waliofikiwa na umeme duniani, na nyumba nyingi za Juba zinaishi kwa sola na betri. Ni hesabu ya nyumba hizo tunayoifanya hapa.

Chukua betri ya kawaida ya asidi, volti 12 na ampea-saa 100. Ndani yake kuna wati-saa 1,200, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo matumizi salama ni 600. Inveta hula sehemu yake. Ukitoa asilimia 15 unabaki na kama 510. Laptopu ya gemu yenye kadi ya picha ya pekee, mfano HP Victus, Lenovo LOQ, ASUS TUF au Acer Nitro yenye RTX 3050 au 4050, huja na chaja ya wati 150 hadi 230, na ikicheza gemu nzito huvuta kama wati 150. Betri yako itaimudu kwa saa tatu na dakika ishirini hivi, taa ya nyumba na simu za watoto zikiwa zimezimwa. MacBook Air ikicheza huvuta wati 20 hadi 30. Betri ileile itaipa kama saa 20.

Pengo hilo la mara sita si jambo dogo. Ndilo linaloamua kama mchezo ni wa kila jioni au wa Jumapili tu, na kama paneli moja inatosha au unahitaji tatu.

Laptopu ya gemu ina kasoro nyingine ambayo muuzaji haitaji: ukichomoa chaja, nguvu yake hushuka sana, kwa sababu betri yake ya ndani haiwezi kulisha prosesa na kadi ya picha zikiwa kasi kamili. Mac za M1 na kuendelea hazishuki kwa namna hiyo. Umeme ukikatika katikati ya mchezo, mwenye Mac anaendelea. Mwenye laptopu ya gemu anaona picha zinaanza kukwama, na baada ya saa moja hivi anafunga mashine.

Tena MacBook Air huchajiwa kwa USB-C. Chaja ya USB-C inayochomekwa moja kwa moja kwenye volti 12, kama zile za magari, hukuondolea inveta na upotevu wake. Chaja ya wati 200 yenye pini nene haina njia hiyo nyepesi. Kwa hoja ya umeme peke yake, Mac ingechukua ushindi na mjadala ukaisha.

Joto na vumbi

Februari 2025 serikali ilifunga shule kwa wiki mbili baada ya wanafunzi kuzimia kwa joto jijini Juba; Machi mwaka uliotangulia shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu hiyohiyo. Sasa tazama maandishi madogo kwenye karatasi za Apple: MacBook imepangiwa kufanya kazi katika joto la nyuzi 10 hadi 35 za Selsiasi. Watengenezaji wengi wa laptopu za Windows huweka kikomo hichohicho cha 35. Chini ya paa la bati saa nane mchana wa Machi, kikomo hicho kinapitwa hata kabla ya kuwasha mashine.

Kila mashine hujilinda kwa namna yake. MacBook Air haina feni kabisa, hivyo ikipata joto hupunguza kasi: dakika kumi za kwanza mchezo unakwenda vizuri, kisha fremu zinashuka. Faida yake ni kwamba haivuti vumbi. Laptopu ya gemu ina feni mbili zenye nguvu zinazosukuma joto nje, na feni hizohizo hufyonza vumbi la barabara hadi mapezi ya kupoozea yanaziba. Isiposafishwa mara kwa mara, baada ya msimu mmoja wa kiangazi itakuwa inapunguza kasi kama ile isiyo na feni, huku ikipiga kelele. MacBook Pro ina feni na husimama katikati, kwa bei ambayo mtu wa gemu hawezi kuitetea.

Hapa hakuna mshindi. Ushauri ni mmoja kwa wote: gemu nzito ni za usiku, juu ya meza ngumu, kamwe si juu ya godoro.

Fundi na soko la mitumba

Laptopu nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki ni za mkono wa pili, zilizotoka ofisi za Ulaya, Marekani na Ghuba. Kwenye soko hilo hatari za Mac na Windows hazifanani.

Mac iliyotumika inaweza kuwa imefungwa. Kuanzia zile za 2018 zenye chipu ya T2, na zote za M1 na kuendelea, mwenye mashine wa kwanza asipotoa akaunti yake ya iCloud, au kampuni iliyokuwa ikiimiliki isipoiondoa kwenye orodha yake, hakuna fundi wa mtaani atakayeifungua kihalali. Mbele ya muuzaji, kabla ya kutoa fedha, ifute mashine na uianzishe upya hadi ukurasa wa mwanzo. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, irudishe. Epuka pia MacBook za 2015 hadi 2019 zenye kibodi ya kipepeo. Chembe moja ya vumbi ilitosha kukwamisha herufi, na Apple ililazimika kuanzisha mpango wa kuzitengeneza bure mwaka 2018. Mac za Intel, ingawa ndizo pekee zenye Boot Camp, nazo zimefika ukingoni: macOS Tahoe ya 2025 ndiyo ya mwisho kuzipokea, na hata hiyo inapokea chache tu.

Kwenye Windows hatari ni umri. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ya kizazi cha nane au zaidi kwa mashine za Intel. HP EliteBook 840 G3, ambayo imejaa madukani, ina prosesa ya kizazi cha sita. G5 kwa kawaida ni ya kizazi cha nane. Kwa kawaida zote mbili hazina kadi ya picha ya pekee. Zitakupa GTA San Andreas, PES 2013 na gemu za miaka hiyo, nazo si haba, lakini usiamini anayekuambia zitabeba EA Sports FC ya leo.

Mashine hizo za ofisi zina fadhila moja ambayo Apple imeitupa: zinafunguka. Fundi mwenye bisibisi anaongeza RAM, anabadilisha diski, kibodi, feni na skrini, na spea hupatikana Kampala na Nairobi kwa sababu zipo kwa wingi. Kwenye MacBook, RAM na hifadhi zimeunganishwa moja kwa moja na ubao mkuu. Ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachokuwa nacho hadi mwisho. Hadi Oktoba 2024 MacBook Air ya kuanzia iliuzwa na GB 8 za RAM, ambazo prosesa na michoro hugawana, na hifadhi ya GB 256. Baldur's Gate 3 peke yake inataka kama 150. Na Apple haina duka lake popote barani Afrika. Kuna wakala tu, na walio karibu na Juba wako ng'ambo ya mpaka.

Mtandao na malipo

Hapa tupite haraka, maana mfumo wa kompyuta haubadilishi kitu. Nyaya za intaneti zinazofika Juba kwa barabara ya kusini hupitia Uganda na Kenya hadi baharini, na seva za gemu zilizo karibu ziko Johannesburg, nchi za Ghuba au Ulaya. Starlink ilipofika nchini mwaka 2024 iliwapa wengi kasi ambayo hawakuwa nayo, lakini kasi ya kupakua si sawa na wepesi wa kujibu, na umbali wa seva uko palepale. Anayetaka mashindano ya mtandaoni ajue atachelewa kidogo kuliko mpinzani wa Dubai, awe na Mac au Windows. Gemu za kukodi seva, ambapo kompyuta ya mbali inacheza nawe unaona picha tu, ziache kabisa kwa sasa.

Malipo nayo ni yaleyale pande zote mbili: maduka ya gemu yanataka kadi ya kimataifa. Wenye laini za Safaricom wanaweza kutumia kadi ya Visa ya M-Pesa iliyoanza 2022. Wengine hununua vocha za Steam kupitia ndugu walio Nairobi.

Mashine ya tatu

Ukirudi kwenye meza ya hesabu unaona mvutano: Windows ina gemu, Mac ina unafuu wa umeme. Miaka ya karibuni pengo hilo limezibwa na mashine ambazo hazina jina la kuvutia. AMD ilianza kuweka ndani ya prosesa zake za laptopu sehemu ya michoro yenye nguvu kweli: Radeon 680M mwaka 2022 na 780M mwaka 2023. Laptopu nyembamba ya Windows yenye chipu hiyo haina kadi ya picha ya pekee, huvuta kama wati 35 hadi 50 ikicheza, na nyingi huchajiwa kwa USB-C ya wati 65. Betri yetu ya ampea-saa 100 itaipa saa 10 hadi 14. Inaendesha GTA V na gemu za mpira za miaka ya karibuni kwa picha za kiwango cha kati, ambacho kwenye skrini ya inchi 14 kinatosha.

Masharti yake ni mawili. Chipu hii haina kumbukumbu yake ya michoro, inaazima RAM ya kompyuta, kwa hiyo GB 16 ndicho kiwango cha chini, na ziwe vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16. Kipande kimoja hupunguza sana fremu, na wauzaji wengi hukiweka ili kubana bei. La pili, soma jina la prosesa mpaka mwisho. Neno Ryzen kwenye kibandiko halitoshi, kwa sababu kuna Ryzen nyingi zenye michoro dhaifu. Fungua orodha ya vifaa ndani ya Windows na utafute 680M au 780M kwa macho yako.

Nani anunue nini

Mwenye umeme wa uhakika wa JEDCO au mfumo mkubwa wa sola, na ambaye gemu ndiyo sababu kuu ya kununua, achukue laptopu ya Windows yenye RTX ya GB 6 na atenge fedha za kuisafisha. Mhariri wa video, mwanamuziki au mwanafunzi wa ubunifu ambaye kazi ndiyo inayolipia mashine, na ambaye jioni humtosha Minecraft, Dota au Football Manager, achukue MacBook Air yenye GB 16, mpya au iliyothibitishwa kufunguliwa. Mwenye fedha kidogo achukue EliteBook ya kizazi cha nane na aridhike na gemu za zamani. Akitaka mpira mpya, apeleke pauni zake kwenye banda la PlayStation, ambako gharama ya umeme wanagawana wengi.

Waliobaki, nao ndio wengi, wanataka gemu za marafiki zao kwenye betri moja na paneli mbili. Kwao laptopu nyembamba ya Windows yenye michoro ya ndani ya AMD ndiyo chaguo, ingawa haitamsisimua mtu yeyote dukani. Na kabla ya kuvuka daraja kwenda kuitafuta mjini, andika kwenye karatasi gemu tano unazocheza kweli na wati ambazo nyumba yako inaweza kutoa baada ya saa moja usiku. Muuzaji akianza kwa kukutajia jina la kampuni kabla hajaiona karatasi hiyo, anauza alichonacho.